Neno Aliloniachia Fundi

Rispa alinipigia simu siku ya Alhamisi akasema Jumamosi atapita kwangu Kabazi, ati amestaafu na sasa anazunguka kusalimia watu kabla magoti hayajakataa. Nikamwambia karibu. Nilipoweka simu chini nikaosha nyumba ambayo ilikuwa safi. Nikatoa vikombe vya wageni, nikavirudisha kabatini, nikatoa vile vya kila siku, kwa sababu sikutaka aone nimemfanyia matayarisho. Mjukuu wangu Wairimu alikuwa ananiangalia tu. "Shosho, ni nani anakuja, ni askofu?" Nikamwambia ni mtu tuliyekaa naye chumba kimoja zamani. "Basi ni rafiki yako." Nikafuta meza tena. Mtu akifika umri wangu aseme kweli hata kama hakuna anayemlazimisha, na kweli ni kwamba Rispa nimemwonea wivu tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nimezaa, nimezika, nimelima viazi kwa hili shamba mpaka viganja vikawa kama gome la mti, lakini huo wivu haujaota mvi hata moja. Kwa hivyo siandiki hapa habari za baba yangu wala za kuzaliwa kwangu. Naandika mwaka mmoja tu, ule wa mashine mpya.

Kituo chetu kilikuwa upande wa Njoro, mahali pa kutafiti mbegu za ngano, na mimi nilikuwa mtu wa chai. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni nilibeba trei kutoka jikoni nikapita kila mlango: maabara, masjala, stoo ya magunia, ofisi ya Daktari Koros, na mwisho chumba cha kompyuta. Hicho chumba nilikiacha mwisho makusudi. Kilikuwa na zulia, na mashine ya kupoza hewa iliyonguruma mchana kutwa, na kila mtu alivua viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi. Hata Daktari mwenyewe, mtu mkubwa aliyesoma ng'ambo, alisimama mle ndani na soksi zenye tundu kwenye kidole gumba. Nilikuwa pia nikipanguza hicho chumba. Nilijua kila waya unaingia wapi. Nilijua mashine ikilia sauti ya chini imechoka na ikilia sauti ya juu kuna mtu ameipa hesabu kubwa. Siku moja Daktari alinikuta nikitoa vumbi kwenye kibodi kwa unyoya wa kuku, herufi moja moja, akacheka, akasema, "Tabitha, wewe ungekuwa umesoma kidogo, ningekukalisha kwa hiki kiti." Mimi nilikuwa nimefika darasa la saba tu. Nikachukua ile nusu ya pili ya maneno yake nikaenda nayo chumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Ile nusu ya kwanza nikaiacha pale pale kwa zulia.

Jambo moja lazima nilieleze, kwa maana bila hilo hamtaelewa dhambi yangu. Kwa sababu nilipita kila mlango, watu waliniachia maneno. Simu ya kituo ilikuwa moja na karatasi zilipotea, lakini mtu wa chai hapotei. "Tabitha, mwambie mtu wa stoo lori linakuja kesho." "Tabitha, mwambie Daktari bibi yake amepiga simu, mtoto yuko sawa." Nilikuwa na sifa. Walisema neno ukiliweka kwa Tabitha ni kama umeliweka benki. Sikuwahi kuangusha neno hata moja, hata la matusi nilifikisha jinsi lilivyotumwa. Kwa hivyo lile moja nililolizuia, hakuna aliyefikiria kulitafuta kwangu.

Rispa alikuja Januari. Mtu wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, mwembamba, sauti ya kwaya, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya plastiki na kingine cha kozi ya kompyuta ya miezi sita. Walimkalisha kwa kile kiti siku ya kwanza. Halafu, kama kwamba hiyo haikutosha, wakamleta kwa chumba changu kwenye nyumba za wafanyakazi, kitanda cha pili, maana vyumba vilikuwa vimejaa. Jioni hiyo akapika omena, dagaa wa ziwani. Mimi mtu wa mahindi na viazi, wa githeri na mukimo, ile harufu ilinikalia kwa blanketi wiki nzima. "Onja, Tabi," akaniambia. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniita Tabi. Nikaonja. Zilikuwa tamu, na hiyo pia ikaniuma. Angekuwa na dharau ningemchukia nikamaliza. Lakini alikuwa anachota maji yake na yangu, anakunja leso yangu nikisahau kwa kamba, na nikimuuliza mambo ya kazi yake ananieleza pole pole bila kunicheka.

Ndiye aliyenieleza habari ya kinu. Nilimuuliza ni nini anaandika mchana kutwa na kwa nini mashine haifanyi tu inavyoambiwa. Alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Sikiza. Hesabu tunaandika kwa maneno ya watu. Hayo ni mahindi. Mashine haiwezi kula mahindi mazima. Lazima yaende kwa kinu cha posho yasagwe, ndio itoke unga mashine inaweza kumeza. Hicho kinu kinaitwa kompaila."

"Na nani anapeleka mahindi kwa kinu?"

"Kuna karatasi ya maagizo, skripti. Inasema chukua gunia hili, peleka kwa kinu kilicho mahali fulani, saga hivi, leta unga hapa. Mimi kazi yangu ni kuiamuru iende. Ikienda tunakaa tunakunywa chai yako."

Nilielewa yote. Hilo ndilo nataka mjue. Mtu wa darasa la saba, nimeshika ungo mkononi, nilielewa kila neno, na nikajiuliza kama ni hivi tu, kwa nini si mimi.

Mashine mpya ililetwa wiki ya mwisho ya mwezi huo huo, na ile ya zamani ikapakiwa kwa pikapu ikapelekwa kituo kingine siku ya tatu, kabla mtu hajajua kama mpya inafanya kazi. Fundi aliyeifunga alitoka Nairobi, jina lake Mutiso, mtu wa haraka haraka, alikunywa chai akiwa amesimama. Ijumaa saa kumi nikaingia na trei nikamkuta anafunga mkoba. Alitaka kuondoka apite Mai Mahiu na kupanda ule mlima kabla ukungu haujashuka. "Siste, boss yuko wapi?" Nikamwambia yuko shambani kwa ngano. "Na yule msichana?" Ameenda Nakuru kuchukua karatasi za printa. Akaangalia saa. "Sasa itabidi nikuachie wewe. Wameniambia wewe ndiye benki." Akanyoosha kidole kwa mashine. "Diski ya kwanza ilikuwa ndogo. Kompaila nimeiweka kwa diski ya pili. Pale mahali pa kawaida watapata kitu chenye jina lile lile, lakini ni kibao tu, kinu hakuna. Kitawaambia haijawekwa. Wasikiamini. Ya kweli iko hapa, andika."

Sikuwa na karatasi. Kwa trei kulikuwa na birika, vikombe na mkebe wa sukari. Nikamwaga sukari kwa sahani, nikageuza mkebe, nikatoa pini kwa aproni, na akanitajia herufi moja moja nami nikazikwaruza kwenye kitako: mstari wa mshazari, o, p, t, mstari, l, a, n, g, mstari, b, i, n. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akaongeza mstari mwingine na herufi mbili za mwisho, c na c, za jina la kinu chenyewe. Hizo nikazishika kwa kichwa. "Karatasi za kukabidhi nitatuma kwa posta," akasema, akavaa viatu vyake mlangoni bila kufungua kamba. Hizo karatasi mpaka nilipoondoka kile kituo hazikuwa zimefika.

Jumatatu nilikuja na trei saa nne na neno liko mdomoni, nawaapia. Rispa alikuwa amekaa, Daktari nyuma yake na soksi zake. Akaipa skripti amri. Skripti ikaenda kutafuta kinu pale pale kilipokuwa kwa mashine ya zamani, maana ndivyo ilivyoandikwa, kama bibi arusi anayeingia jikoni kwa mama mkwe akanyoosha mkono kutafuta unga mahali mama yake mzazi anauweka. Mashine ikajibu mstari mmoja: kompaila haijawekwa. Akajaribu tena. Jibu lile lile. Mimi nikasogea nikafungua mdomo, na Rispa, bila kugeuza kichwa, akapunga mkono akasema, "Tabi, weka tu hapo." Ni maneno matatu. Alikuwa na wasiwasi, hakuwa na nia mbaya, leo najua. Lakini nikaona ule mkono unavyopunga, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni, na ukiwa juu ya meza ambayo mimi ndiye niliyeipanguza. Nikaweka tu hapo. Nikajiambia nitasema saa kumi. Saa kumi nikajiambia kesho. Na kesho ilipofika nikagundua neno likilala siku moja linaota meno, kwa sababu ukilitoa watakuuliza jana ulikuwa wapi.

Basi wote wakaamini kinu hakikununuliwa. Daktari akapiga simu Nairobi, akaambiwa fundi ametumwa Arusha kazi ya miezi mitatu, na karani wa huko akasema kompaila huagizwa kando, waandike barua. Wakaandika barua. Wakangoja. Makarani wanne wakakalishwa masjala na mashine ndogo za kujumlisha, wanasoma madaftari ya shambani kwa sauti: ploti ya saba, majani mia, yenye kutu arobaini. Mwaka uliopita ugonjwa wa kutu ulikuwa umekula ngano kutoka Njoro mpaka Olenguruone, mkulima anashika suke linageuka vumbi jekundu mkononi, na Daktari alikuwa na mbegu sitini za kujaribu na hesabu ambayo makarani wangeimaliza Agosti. Nilimsikia kupitia mlango wa masjala akimwambia mkubwa wa shamba, "Mvua ndefu ikipiga kabla sijajua mbegu gani imestahimili, watu watapanda ile ile iliyowaua." Mkubwa wa shamba akasema, "Na huyu msichana?" Daktari akajibu, "Nampa mpaka mwisho wa Machi. Akishindwa nitatafuta mtu mwingine." Nilikuwa nimesimama na trei, vikombe sita, na havikutikisika. Mtu mwingine. Niliyasikia yale maneno mawili yakiingia kwangu kama chai ya tangawizi.

Sitajisingizia upumbavu, maana nilijua nilichokuwa nimeshika. Mchana mmoja, kila mtu ameenda kula, nilikuwa peke yangu na kitambaa cha vumbi, na Rispa alikuwa ameacha mashine wazi. Nikakaa. Kile kiti kilikuwa na mto wa kitambaa cha samawati uliobonyea katikati. Nikapiga herufi kwa kidole kimoja, zile za kitako cha mkebe, nikaongeza ule mstari na zile mbili za kichwani, nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni. Mashine haikusema haijawekwa. Ilisema jambo jingine kabisa, na nililikariri mpaka jioni nikamuuliza Rispa kwa mzunguko maneno kama hayo maana yake nini. "Hiyo ni kompaila ikilalamika hujaipa kitu cha kusaga," akasema. "Umeyaona wapi?" Kwa karatasi ya zamani kwa pipa, nikamdanganya. Akashusha pumzi. "Heri wangeniambia mimi hivyo." Kwa hivyo kinu kilikuwa kimeniuliza, mimi Tabitha, mahindi yako wapi. Na mimi sikuwa na mahindi. Nilikuwa nimekaa kwa kile kiti, nimefungua mlango ambao watu waliosoma walishindwa kuufungua, na sikujua nifanye nini baada ya hapo. Hakuna wivu mbaya kama wa mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba asiyoweza kuishi ndani yake. Nikafuta ule mstari, nikapiga mto ujae tena, nikaenda kuosha vikombe.

Daktari alipomwambia mwenyewe, Rispa akakonda. Akaanza kuongea usingizini, mistari mistari. Jumapili moja katikati ya Machi nilitoka kanisani nikamkuta amevuta sanduku lake la mabati katikati ya chumba anakunja nguo. "Si bado wiki mbili?" nikamuuliza. "Nazoea tu," akasema. Akakaa kwa kitanda, nguo ya kijani magotini, akaniangalia vizuri. "Tabi, huyu fundi. Hakukuachia neno? Hata dogo?"

Nilikuwa nachagua mawe kwa mchele. "Aliacha kikombe kichafu," nikasema.

Akacheka! Ndiyo, alicheka, akapangusa macho na ile nguo. "Wewe, haki, mdomo wako." Nami nikaendelea kuchagua mawe.

Sasa sikieni Mungu anavyofanya kazi zake. Hizo wiki nilikuwa nimezidi ubaya, na ubaya ukishaingia nyumbani haukai chumba kimoja. Nilianza kumfichia vitu vidogo. Chumvi yetu ilikaa kwa mkebe ulioandikwa chumvi. Nikaihamisha. Ndani ya ule mkebe nikaweka magadi, chumvi nikaitia kwa mkebe wa kakao, na ule mkebe wangu wa sukari wenye herufi kitakoni, ambao niliutoa jikoni kwa kituo nikanunua mwingine wa kuweka kwa trei, nikauweka pamoja nayo kwa rafu. Sikuwa na sababu. Nilitaka tu kuona mtu aliyesoma akipotea ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi.

Ilikuwa Jumanne, saa ya chakula cha mchana. Mboga ya sukuma iko motoni, ugali unageuzwa. Rispa akachukua ule mkebe wa chumvi, akashika kidogo na vidole, halafu sijui ni nini kilimgusa, akaonja kabla ya kutia. Akakunja uso. "Hii ni magadi, Tabi." Nikasema sijui, labda panya wamehama nayo. Hakugombana. Akafungua mkebe wa pili, akatia ncha ya kidole, akaonja: sukari. Ule ulikuwa mkebe wangu, neno la fundi lilikuwa limelala kwa kiganja chake. Akaurudisha. Akafungua wa kakao, akaonja: chumvi. Na hapo akasimama na kidole mdomoni kama mtoto. Akaangalia ule mkebe wa kwanza ulioandikwa chumvi. Akaangalia huu wa kakao.

"Tabi," akasema polepole, "mimi nimekuwa nikisoma kibandiko."

"Nini?"

"Miezi miwili nasoma kibandiko! Mashine inaniambia hakuna, na mimi naamini. Si ningeonja?" Akatupa mwiko kwa sufuria, akatoka mbio na aproni yangu kiunoni. Ugali ukaungua. Nikaula peke yangu, sehemu iliyoungua na isiyoungua, na nilijua kabisa nimekula nini.

Saa kumi nilipeleka trei. Alikuwa ameandika skripti mpya, na hii haikuwa na mahali pamoja pa kutafutia. Ilikuwa inapita mashine nzima, kila kabati na kila rafu. Kila ikikuta kitu kinachoweza kuwa kinu, kina kibandiko cha kompaila au hakina, inakipa mahindi ya kuonja, programu ya mstari mmoja, konzi moja tu. Kikitoa unga, ndicho. Kisipotoa, inapita. Daktari alikuwa amesimama nyuma na makarani wote wanne, jozi tano za soksi zimepangana kwa zulia. Kwa skrini ikaandika hapana. Hapana. Hapana. Nikawa nahesabu moyoni, nazijua herufi zinazokuja, naomba, Mungu anisamehe, naomba umeme upotee. Ikaandika mstari, o, p, t, mstari, l, a, n, g. Ndiyo.

"Iko!" Rispa akaruka akanikumbatia na trei yangu, vikombe vikamwagika kwa zulia ambalo mimi ndiye ningelisafisha. "Tabi, ilikuwa hapa siku zote! Siku zote!"

Nikasema, "Nimefurahi." Lilikuwa neno jingine la uongo, gumu kuliko lile la kikombe.

Orodha ya mbegu ilitoka wiki moja kabla ya mvua. Na ile skripti haikubaki kwetu. Daktari aliipeleka kituo cha Kitale na kingine cha Nairobi, mashine za aina nyingine kabisa, kinu kimewekwa kila mtu anavyotaka, na kila mahali ikaonja onja mpaka ikapata. Watu wakauliza ni nani aliyeiandika. Daktari akawa anatembea na jina la Rispa mdomoni kama peremende. Desemba akamtafutia nafasi ya kusoma Nairobi, na sanduku la mabati likafungwa kwa kweli. Kile kiti akapewa kijana wa kiume mwenye cheti, hakunisalimia miezi miwili ya kwanza. Mwaka uliofuata mimi nikaolewa huku Kabazi. Na miaka yote hii, nikivuna, nikisimama kwa foleni ya maziwa, nimepiga hiyo hesabu bila mashine: ningefikisha lile neno, Rispa angebadilisha mstari mmoja, angekunywa chai, angebaki karani wa kompyuta Njoro mpaka kituo kimpunguze. Ni mimi niliyemnyima, na kwa kumnyima nikamfanya. Hata ubaya wangu alipewa yeye faida yake.

Jumamosi alifika saa tano na gari lake, amebeba ndizi na mkate na blanketi la Wairimu. Amenenepa vizuri. Tulipokaa kidogo akasimama akasema, "Kaa chini, Tabi. Mwaka ule wote ulinipa chai. Leo ni mimi." Nikamwambia jikoni kwangu hapahitaji msaada. Hakusikia. Nikamfuata. Akaweka maziwa kwa jiko, akauliza sukari iko wapi. Nikasema kwa rafu. Kulikuwa na mikebe mitatu, na sikukumbuka kwa wakati. Akatia ncha ya kidole kwa wa kwanza, akaonja. Akaenda kwa wa pili. Mtu wa miaka sitini na kitu, bado anaonja. Wa tatu kifuniko kilikuwa kimekaza, akauegemeza kifuani kukizungusha, mkono mmoja umeshika kitako. Akaacha kuzungusha. Vidole vikapapasa. Akatoa miwani kwa mfuko wa sweta, akaupeleka dirishani.

"Tabi. Hii uliandika lini?"

"Ijumaa ile fundi alienda."

"Kabla nirudi na karatasi."

"Kabla urudi."

Maziwa yakapanda, nikayatoa mimi, maana yeye hakuyaona. "Na nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Wiki saba, Tabi. Nilikuwa nimefunga sanduku."

"Nilikuona ukifunga."

Akakaa kwa kigoda. Nikangoja anitukane; nilikuwa nimengoja kutukanwa miaka thelathini na zaidi na ningekubali lolote. Akageuza mkebe huku na huku. "Ungesema, ningebadilisha mstari mmoja tu," akasema, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwangu.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Sikukufanyia wema. Nilitaka kiti."

"Najua ulitaka kiti. Ulikuwa unapanguza kile kiti kuliko mashine yenyewe." Akaniangalia juu ya miwani. "Si ungeniambia? Ningekufundisha. Tulikuwa tunalala chumba kimoja."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Akakizungusha kile kifuniko mpaka kikafunguka. Nje Wairimu alikuwa anafukuza mbuzi kwa kabichi. Halafu Rispa akamimina chai, yangu kwanza, akaweka sukari vijiko viwili jinsi ninavyokunywa, na hakuuliza. Tukanywa. Haikuwa chai mbaya. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba, kwa maana bado namwonea wivu na msamaha wa kuombwa nusu ni kama ugali mbichi. Alipoinuka kwenda akasema, "Nipe huu mkebe."

"Una sukari ndani."

"Toa sukari."

Nikamwaga sukari kwa bakuli, nikaupangusa kwa leso, nikampa. Hata huo akaenda nao. Nilisimama mlangoni nikaona gari likishuka kwa njia ya mawe na mkebe wangu uko kwa kiti cha mbele, kama abiria. Sukari sasa inakaa kwa karatasi ya plastiki, juu ya kabati, Wairimu ndiye aliyeiweka na amenionyesha mara tatu. Lakini kila asubuhi, maji yakichemka, mkono wangu unaenda peke yake kwa ile rafu, pale pale pa zamani, unapapasa, unarudi mtupu.